Kipimo cha Dukani, Kipimo cha Kazini

Katika jiji la Nairobi, bidhaa nyingi za ujenzi na za uokaji huuzwa kwa kipimo kimoja na kutumiwa kwa kingine. Jiwe la kujengea huuzwa kwa futi, yaani kwa urefu, ilhali ukuta ni eneo. Mchanga na kokoto huuzwa kwa tani au kwa lori, ilhali zege ni ujazo. Saruji huuzwa katika mfuko wa kilo 50, ilhali kwenye mjengo hupimwa kwa ndoo, kwa debe au kwa wilbaro. Jikoni hali ni hiyo hiyo: keki huagizwa kwa kilo, mkebe wa kuiokea hununuliwa kwa inchi za upana wake, unga wa ngano hutoka dukani katika pakiti ya kilo 2, na maelezo ya mapishi huhesabu vikombe. Kati ya kipimo cha dukani na kipimo cha kazini pana hesabu ambayo ni lazima mtu aifanye, na hoja inayotetewa hapa ni kwamba anayelipa anapaswa kuijua hesabu hiyo hata kama fundi au mwokaji ndiye atakayeifanya, kwa kuwa hapo ndipo fedha za watu wa kipato kidogo hupotea bila mwizi kuonekana, na hapo ndipo zege hupoteza nguvu zake kabla halijamwagwa.

Hisabati hutenganisha vipimo vitatu ambavyo sokoni huchanganywa. Urefu ni kipimo cha mstari, kama vile upana wa mkebe au futi za jiwe. Eneo ni kipimo cha uso, nalo hupatikana kwa kuzidisha urefu kwa upana. Ujazo ni nafasi ambayo kitu hukalia au hubeba, nao hupatikana kwa kuzidisha eneo kwa kimo, au kwa kina, au kwa unene, kutegemea kitu chenyewe. Kanuni inayotokana na utengano huo ni nyepesi kuitamka na ngumu kuizoea: kitu kikiongezwa mara mbili kila upande, urefu wake huwa mara mbili, eneo lake mara nne na ujazo wake mara nane. Jicho lililozoea kutazama upana peke yake hukadiria kwa mstari kile kinachokua kwa mraba au kwa mchemraba, na ndiyo sababu makadirio ya macho hupungua kadiri kazi inavyokuwa kubwa.

Waokaji wengi wa nyumbani, ambao kazi yao imeenea katika mitaa ya magharibi ya jiji kuanzia Kileleshwa na Lavington hadi Kangemi, Kawangware na Uthiru, huongozwa na jedwali la kukariri: keki ya nusu kilo huokwa katika mkebe wa duara wa inchi 6, ya kilo moja katika mkebe wa inchi 8, na ya kilo mbili katika mkebe wa inchi 10. Jedwali hilo limewalisha watu wengi na halistahili kudharauliwa, lakini linaficha jambo ambalo hesabu hulifichua mara moja. Eneo la duara ni nusu ya upana wake ikizidishwa kwa yenyewe, kisha ikazidishwa kwa pai, namba ambayo wanafunzi wa Kenya wamezoea kuiandika 22/7. Kwa hesabu hiyo, mkebe wa inchi 6 una kitako cha inchi za mraba 28 hivi, wa inchi 8 una 50, na wa inchi 10 unakaribia 79. Kutoka mkebe wa 8 hadi wa 10, eneo limeongezeka kwa asilimia 56 tu, ilhali uzito wa keki umeongezeka maradufu. Rojo linalozidi halina pa kwenda ila juu, kwa hiyo ikiwa keki ya kilo moja husimama inchi 3 katika mkebe wake, ile ya kilo mbili itahitaji kusimama inchi 3.8 katika wa kwake, na mkebe wenye kina cha inchi 3 hauwezi kuibeba bila kufurika.

Kimo hicho kilichoongezeka ndicho hasa kinachosumbua ndani ya oveni, kwa sababu joto huingia katika keki kutoka nje kwenda katikati, na muda wa kuiva hufuata zaidi unene wa keki kuliko uzito wake. Mwokaji aliyeongeza vipimo vyote mara mbili na kuacha moto na muda vilevile hupata keki iliyokauka pembezoni na yenye rojo bichi moyoni, kisha hulaumu unga au gesi, ingawa kosa lilikuwa limeshafanyika kwenye karatasi. Njia salama ni kugawanya eneo la mkebe mpya kwa eneo la mkebe wa zamani, na kuzidisha kila kipimo cha mapishi kwa jibu linalopatikana, ili kimo kibaki kile kile ambacho oveni na mwokaji wamekizoea. Mapishi yaliyoandikiwa mkebe wa inchi 8 yatazidishwa kwa 1.56 yanapohamishiwa mkebe wa inchi 10, kwa hiyo gramu 250 za unga huwa 390 na mayai 4 huwa 6 na robo. Robo hiyo ya yai isimtishe mtu, kwa kuwa yai la wastani lisilo na ganda lina uzito wa gramu 50 hivi, nalo hupigwa katika bakuli, likapimwa gramu 12 au 13, na lililobaki likapakwa juu ya maandazi.

Umbo nalo hudanganya. Mkebe wa mraba wenye inchi 8 kila upande una inchi za mraba 64, ambazo ni zaidi ya zile za mkebe wa duara wa inchi 8 kwa asilimia 27, ingawa dukani yote miwili hubandikwa namba moja. Ndugu wa kweli wa mkebe huo wa mraba ni wa duara wa inchi 9, wenye inchi za mraba 63.6, na anayejua ulinganifu huo mmoja tu huweza kubadilisha mapishi mengi bila kalamu. Trei ya inchi 9 kwa 13, ambayo wengi huitumia kwa keki za kukatwa vipande, ina inchi za mraba 117, na hivyo inakaribiana na duara la inchi 12.

Kwa yule asiye na mkebe, na hao ni wengi katika nyumba ambazo keki huokwa ndani ya sufuria ikiwa na makaa juu na chini, kuna kipimo kisichohitaji pai wala mraba. Sufuria hujazwa maji kwa chupa ya nusu lita hadi kimo ambacho keki iliyoiva hufikia, na chupa zikahesabiwa. Kisha jambo hilo hilo hufanywa kwa chombo ambacho mapishi yaliandikiwa, kama kipo, au kwa hesabu ya chombo hicho. Mkebe wa duara wenye upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 7.5, kwa mfano, hubeba takriban lita 2.4. Maji hayajali kama kuta za sufuria zimeinama au zimesimama wima, wala kama mpini umelegea na kitako kimebonyea, na kwa hiyo jibu lake ni la kuaminika kuliko rula katika vyombo vilivyopigwa kwa mkono.

Bei nayo inahusika. Kauli ya kwamba nusu kilo iuzwe kwa nusu ya bei ya kilo moja ina sura ya haki, lakini krimu ya kupambia haifuati ujazo wa keki. Inafuata uso wake, yaani juu pamoja na ubavu wote wa kuzunguka. Keki ya inchi 8 yenye kimo cha inchi 3 ina uso wa inchi za mraba 126 hivi, na ya inchi 6 yenye kimo hicho hicho ina 85. Keki ndogo hula asilimia 67 ya krimu ya keki kubwa ingawa ujazo wake ni asilimia 56 tu, na kazi ya mikono ya kuilainisha haipungui hata kiasi hicho. Mwokaji anayepunguza bei kwa nusu, huku wateja wake wengi wakiagiza nusu kilo kwa ajili ya siku za kuzaliwa za watoto, anafanya kazi ambayo sehemu yake hailipwi, na haoni ni ipi.

Mafundi wa bati wa Kamukunji, kando ya katikati ya jiji, huifanya hesabu hii kinyumenyume, kwa kuwa wao huanza na bati tambarare na kumaliza na chombo. Eneo lao la kazi lilipata umaarufu wa kitaifa baada ya Rais Daniel arap Moi kulitembelea mwaka 1985 na serikali kuahidi mabanda ya kuwakinga na jua, na humo hadi leo hutengenezwa masufuria, majiko, masanduku na mikebe ya kuokea. Fundi anayetaka mkebe wa duara wa inchi 8 anahitaji utepe wa bati wa kuzunguka, na urefu wa utepe huo ni upana ukizidishwa kwa pai, yaani inchi 25 na kidogo, pamoja na nafasi ya kukunja mshono, hivyo hukata inchi 26. Kwa kina cha inchi 3 huongeza nusu inchi ya kukunja ukingo na kitako. Shiti ya futi 8 kwa 4 ina inchi 96 kwa 48; akiipanga kwa urefu atapata tepe tatu katika kila mstari na mistari 13, yaani tepe 39, na kipande cha inchi 18 kwa 48 kitabaki upande mmoja, ambacho hutoa vitako 10 vya inchi 9 kila kimoja. Akiipanga ovyo hupoteza tepe na vitako pia. Fundi mzoefu hukata bati hilo bila kuandika chochote, na ustadi huo ni hisabati kamili ambayo jamii haina budi kuiheshimu, hata pale ambapo aliyenayo hakufika kidato cha kwanza.

Kwenye ukuta, mambo huwa mazito zaidi kwa sababu kosa halitupwi na kuokwa upya. Nairobi ni jiji la mawe. Majengo yake ya kale, kama vile Kipande House la mwaka 1913 na maktaba ya McMillan iliyofunguliwa 1931, yalijengwa kwa mawe, na nyumba za kawaida za leo hujengwa kwa mawe ya volkano yanayochimbwa pembezoni mwa jiji, hasa upande wa Juja, Ndarugu na Thika. Zamani yalichongwa kwa nyundo na patasi. Siku hizi mengi hukatwa kwa msumeno wa mashine, na hivyo nyuso zake ni nyoofu na hula saruji kidogo kuliko yale ya mkono. Jiwe linaloitwa sita kwa tisa lina unene wa inchi 6 na kimo cha inchi 9, na huuzwa kwa jumla ya futi za urefu, kila kipande kikiwa na urefu wake.

Tuseme mtu katika ploti ya Uthiru anataka chumba chenye futi 12 kwa 10 kwa ndani, na ukuta wa futi 9 na nusu kwenda juu. Swali la kwanza ni urefu wa ukuta wenyewe, na hapo ndipo makadirio mengi huteleza, kwa maana ukizunguka kwa ndani utapata futi 44 na ukizunguka kwa nje utapata 48. Kipimo sahihi ni cha mstari wa kati, yaani mstari unaopita katikati ya unene wa ukuta, ambao ni futi 46; anayepima kwa nje huhesabu kila pembe mara mbili. Swali la pili ni idadi ya kozi, yaani safu za mawe zinazopandana. Jiwe la inchi 9 likiwekewa saruji ya nusu inchi huchukua inchi 9 na nusu, na futi 9 na nusu ni inchi 114, kwa hiyo kozi ni 12. Futi 46 mara 12 ni 552. Mlango wa futi 3 kwa 7 huondoa karibu kozi 9 za futi 3, yaani 27, na dirisha la futi 4 kwa 4 huondoa kozi 5 za futi 4, yaani 20. Zinabaki futi 505, na mtu akiongeza asilimia 5 kwa ajili ya mawe yanayovunjika na vipande vinavyokatwa, ataagiza futi 530. Hesabu nzima haizidi mistari sita ya daftari, na bado kuna wenye nyumba wanaolipia mawe kwa lori bila kuuliza lori hilo lina futi ngapi.

Kwa matofali na bloku kanuni haibadiliki ila namba. Tofali la kuchomwa la kipimo cha Kiingereza, lenye uso wa milimita 215 kwa 65, huwa milimita 225 kwa 75 likishajumlishwa na saruji ya kiungo, na kwa hiyo mita moja ya mraba ya ukuta wa tofali moja moja huhitaji takriban matofali 60. Bloku ya saruji ambayo pamoja na kiungo chake hukalia milimita 400 kwa 200 huhitaji 12 na nusu kwa mita hiyo hiyo. Maeneo ya magharibi mwa Kenya na Uganda, ambako udongo wa kuchoma ni mwingi, huifahamu zaidi ile namba ya kwanza. Nairobi hufikiri kwa futi.

Kufikiri kwa futi kuna historia yake, na hakuna haja ya aibu, ingawa Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, imezifanya mita na kilo kuwa vipimo rasmi vya biashara. Michoro ya wasanifu huandikwa kwa milimita, mbao huuzwa kwa futi, ardhi husajiliwa kwa hekta na kutangazwa kwa ekari. Ploti ya futi 50 kwa 100, inayotangazwa kila mahali kama sehemu ya nane ya ekari, ina futi za mraba 5,000, ilhali ekari moja ni futi za mraba 43,560 na sehemu yake ya nane ni 5,445. Futi za mraba 445 zinazokosekana ni zaidi ya mara tatu na nusu ya kile chumba cha futi 12 kwa 10, na watu huzilipia katika muda wote wa mkopo wao.

Hatari iliyo kubwa kuliko hasara ya fedha iko katika zege. Uwiano wa kawaida kwa sakafu na linta za nyumba ndogo husemwa kuwa moja kwa mbili kwa nne, maana yake sehemu moja ya saruji kwa sehemu mbili za mchanga na sehemu nne za kokoto, na sehemu hizo zote lazima ziwe za ujazo mmoja. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Wilbaro iliyojazwa inaweza kubeba lita 65. Mahali ambapo uwiano huo hutafsiriwa kuwa mfuko mmoja, wilbaro mbili za mchanga na wilbaro nne za kokoto, zege linalopatikana kwa kweli ni moja kwa 3.7 kwa 7.4, na saruji iliyomo ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile iliyokusudiwa. Hakuna aliyeiba mfuko, hakuna aliyedanganya, na kila mtu kwenye mjengo anaweza kuapa kwamba alifuata moja kwa mbili kwa nne. Dawa yake ni kisanduku cha mbao kisicho na kitako wala kifuniko, chenye sentimita 40 kwa 35 na kimo cha sentimita 25 kwa ndani, ambacho ujazo wake ni lita 35 kamili. Kikiwekwa juu ya bati, kikajazwa mchanga na kusawazishwa, kisha kikainuliwa, kimeacha kipimo sawa na mfuko mmoja. Seremala wa Kawangware hukitengeneza kwa vipande vya mbao vilivyobaki.

Jiji hili limezika watu walioangukiwa na majengo: jengo la Sunbeam, katikati ya jiji, mwezi Mei 1996, jengo lililokuwa likijengwa karibu na barabara ya Ronald Ngala, Januari 2006, nyumba ya ghorofa ya Huruma, usiku wa Aprili 29, 2016, ambako walikufa watu wapatao 50. Kila ajali ina sababu zake, kuanzia misingi kwenye kingo za mito hadi ghorofa zilizoongezwa bila idhini, na si haki kuibebesha wilbaro mzigo wote. Hata hivyo, zege dhaifu haliwezi kugunduliwa kwa macho likishakauka. Wahandisi hutengeneza michemraba ya zege yenye milimita 150 kila upande na kuivunja kwa mashine baada ya siku 28 ili kujua nguvu zake, jambo ambalo mjenzi wa chumba kimoja au viwili hawezi kulimudu, na kwa hiyo ulinzi wake wa pekee ni kipimo kilichofanywa vizuri wakati wa kukoroga.

Kwa sakafu ya chumba kile cha futi 12 kwa 10, yenye unene wa inchi 4, ujazo wa zege ni futi za ujazo 40, ambazo ni mita za ujazo 1.13. Vitu vikavu vikikorogwa na maji hujibana, mchanga ukiingia kati ya kokoto na saruji kati ya chembe za mchanga, kwa hiyo wakadiriaji huzidisha ujazo wa zege lililomwagwa kwa 1.54 ili kupata ujazo wa vitu vikavu, na hapa jibu ni mita za ujazo 1.74. Sehemu moja kati ya saba ya hizo ni saruji, takriban lita 249, au mifuko 7 na ushei. Mchanga ni karibu nusu mita ya ujazo, ambayo ni kilo 800 hivi, na kokoto ni karibu mita moja, yaani tani moja na nusu. Ikiwa ardhi iliyoshindiliwa imebonyea kiasi kwamba unene wa wastani unafika inchi 5, mahitaji huongezeka kwa robo nzima, na karibu mifuko miwili ya saruji hufukiwa mahali ambapo siku moja ya kusawazisha kwa sururu na pimamaji ingeiokoa.

Mchanga una tabia yake ambayo yafaa kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ndiyo inayowachanganya hata wazoefu. Mchanga mkavu kabisa na mchanga uliojaa maji kabisa hukaribia kulingana kwa ujazo, lakini ule wenye unyevunyevu kidogo huvimba, kwa sababu utando mwembamba wa maji huzitenganisha chembe, na ujazo wake unaweza kuongezeka kwa robo au zaidi. Anayenunua kwa ujazo, kwa kutazama jinsi lori lilivyojaa, hupata mchanga pungufu msimu wa mvua. Anayenunua kwa uzito hununua maji, na lori la tani 7 lenye unyevu wa asilimia 5 huwa limebeba zaidi ya kilo 300 za maji ambazo mnunuzi amezilipia kwa bei ya mchanga wa mtoni. Maji hayo pia yataingia katika zege, na mkorogaji asiyeyahesabu ataongeza mengine ya kawaida juu yake, na maji yakizidi zege hupoteza nguvu hata kama saruji imetimia.

Hesabu hizi si siri ya taaluma moja. Kenya inao wakadiriaji wa gharama za ujenzi waliosajiliwa chini ya Sura ya 525 ya sheria zake, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, husajili makandarasi na kuwapa mafundi vyeti vya ustadi. Kabete, upande huo huo wa magharibi ya jiji, ufundi wa uashi na useremala umefundishwa tangu miaka ya 1920, katika chuo ambacho leo ni cha kitaifa. Lakini mjenzi wa vyumba viwili vya kupangisha haajiri mkadiriaji, na mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ukiwa na ufundi na sayansi kimu kwa kila mtoto wa shule ya msingi uliyapunguza masomo hayo baadaye kwa ajili ya kupunguza mzigo wa mitihani, uamuzi ambao ulikuwa na hasara kubwa kuliko ilivyokiriwa. Eneo la duara lilibaki kitabuni, mkebe ukaondoka. Ujazo wa mchemraba ulibaki ubaoni, kisanduku cha mchanga kikaondoka. Mtaala wa umilisi ulioanza kujaribiwa 2017 umeahidi kuvirudisha pamoja, na ahadi hiyo itapimwa kwa kuangalia kama mwanafunzi wa sekondari ya chini wa Kangemi anaweza kumsaidia mama yake kubadilisha mkebe na baba yake kuhesabu kozi.

Wakaguzi wa mizani wa serikali hukagua mizani za maduka, na ni vyema, lakini jiwe la futi halipiti kwenye mizani yoyote. Urefu wake hupimwa kwa tepu huku wote wakitazama; kimo chake, ambacho hakitajwi kwenye risiti, hupimwa na wachache. Mawe yanayoitwa ya inchi 9 yakiwa na inchi 8 na nusu tu, kila kozi itasimama inchi 9 badala ya 9 na nusu, na ukuta wa inchi 114 utahitaji kozi ya 13, yaani hadi futi 46 zaidi za mawe pamoja na saruji ya kuyalaza, kwa chumba kimoja kidogo. Mwenye nyumba ana haki ya kudai kwamba risiti itaje unene na kimo pamoja na futi, na ya kupima mawe kumi yaliyochaguliwa kutoka sehemu mbalimbali za lori kabla ubavu wa lori haujafunguliwa, kwa sababu mzigo ukishashushwa na dereva akishalipwa hakuna muuzaji atakayeyapakia tena.